Lugha Moja, Adabu Mbili



Wapenzi wasomaji, na hasa nyinyi mama zangu na dada zangu mnaozishika nyumba zetu, wiki hii nawaletea mkasa wa jirani zangu hapa Nakuru. Nauandika kwa idhini ya bibi mwenye nyumba. Aliniambia, "Waandikie, Maalim, huenda wengine wakanufaika. Ila majina yetu yaweke kifuani." Nami nimeyaweka.

Bibi huyu anakaa Bondeni, mtaa ambao Waislamu wa mji huu wameufanya kwao tangu enzi za wazee wetu. Baba mkwe wake alitoka Mombasa kwa kazi ya reli, akazikwa huku huku bara. Bibi ana mabinti wawili. Mkubwa aliolewa Uingereza yapata miaka thelathini iliyopita, akakaa katika mji wa Leicester. Mdogo alifuatana na mumewe Marekani, wakatua Columbus, katika jimbo la Ohio. Kila mmoja amelea watoto wanaosali na kufunga, na wanaokijua Kiswahili cha kuwaamkia wakubwa na kuombea chai. Maneno yakizidi hapo, huingia katika Kiingereza.

Katika utu uzima wake, Bibi alikuwa na haja moja: mjukuu wake wa kiume wa Leicester amwoe mjukuu wake wa kike wa Columbus. Hao ni watoto wa mtu na dada yake, na sheria yetu haiwakatazi kuoana. Mwezi wa Disemba familia zote mbili zikaja Nakuru. Vijana wangeonana mbele ya wazazi wao, na wakipendezwa, posa ingesemwa kabla ya watu kurudi makwao.

Siku ya pili msichana, ambaye ni muuguzi, aliingia jikoni mwenyewe akapika biriani ya kuku. Watu wakala. Walipomaliza, Bibi akamwuliza mjukuu wake, "Chakula umekionaje?" Kijana akajibu kwa Kiingereza cha Leicester neno ambalo kwa Kiswahili ni "si mbaya", kisha akainuka kwenda kunawa.

Mama wa msichana alilibeba neno hilo hadi jikoni. "Mtoto amesimama mbele ya moto tangu Adhuhuri, na malipo yake ni 'si mbaya'? Huyo ndiye atakayemtunza mwanangu?"

Kumbe upande wa pili nao ulikuwa na yake. Mama wa kijana alikuwa ameyahesabu maneno ya msichana tangu alipoteremka garini. Nyumba ya Bibi, alisema, ndiyo nyumba nzuri kuliko zote alizopata kuingia. Chai ndiyo chai tamu kuliko zote duniani. Leso aliyojifunga Bibi, hajaona mfano wake. "Mtu anayesifu kila kitu," akasema mama wa kijana, "amesifu nini?" Tena msichana alimwuliza kijana kazi anayofanya hata hajaketi vizuri, akaeleza na yeye jinsi alivyofaulu masomo ya uuguzi kwa alama za juu. Hayo yakaitwa majivuno. Kijana naye alipoulizwa kuhusu masomo yake alisema, "Nilibahatika tu," ilhali ni mhasibu aliyehitimu mitihani migumu. Hayo nayo, kwa mama wa msichana, yakawa dalili ya mtu asiye na hamu ya maisha.

Kufikia siku ya nne, dada wawili waliotoka tumbo moja walikuwa wanakula kwa nyakati mbalimbali. Mmoja alikwisha kupiga simu kutaka tarehe ya tikiti yake ibadilishwe. Maneno yalikuwa yametoka: "Nyinyi Waingereza mna kiburi mlichokifunika kwa upole." "Nyinyi Wamarekani mna makelele yasiyo na moyo ndani yake." Bibi akanituma mtoto anifuate baada ya swala ya Alasiri. Nilimkuta ameketi ukumbini peke yake, tasbihi mkononi.

"Maalim," akaniambia, "mimi nilizaa wasichana wawili. Sasa naambiwa mmoja Mwingereza na mwenzake Mmarekani. Hao tumbo lao ni la nani?"

Niliomba wote waitwe. Sikutoa mawaidha. Nilimwuliza kijana swali moja: "Mwanangu, ukisema chakula 'si mbaya', wamaanisha nini?"

Akashtuka. "Shehe, nilikisifu! Mimi sijawahi kumwambia hata mama yangu zaidi ya hapo. Kwetu mtu akipiga sifa nyingi, watu hudhani anakebehi."

Nikamgeukia msichana. Akasema, "Kwetu usiposifu, watu hudhani umekasirika. Mimi nilikuwa nataka Bibi ajue nimefurahi kuja. Na kazi nilimwuliza kwa sababu kwetu kutomwuliza mtu habari zake ni kumdharau."

Bibi alitazama huku na huku, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mabinti zake walichelewa kidogo kucheka.

Ndugu zangu, yaliyotokea katika ukumbi ule si mageni. Waingereza na Wamarekani wenyewe yamewafika, tena katika mambo mazito kuliko biriani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wanajeshi wa Marekani walianza kumiminika Uingereza mwaka 1942. Walikuwa marafiki, adui yao mmoja, lugha yao moja. Hata hivyo Wizara ya Vita ya Marekani iliona haitoshi kumpa askari bunduki na sare. Mwaka huo huo ilimchapishia kijitabu cha kumfundisha adabu za nchi aendayo.

Kijitabu hicho kilimwonya askari asijigambe, wala asitambe kwa mshahara wake, kwa maana mshahara wa askari wa Marekani ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake Mwingereza. Asidhihaki matamshi ya wenyeji. Asimseme vibaya mfalme wao. Akiwaona Waingereza wameketi kimya ndani ya treni bila kumsemesha, asidhani wanamchukia. Hao ni watu wengi waliobanana katika kisiwa kidogo, na kila mmoja amejifunza kumwachia mwenziwe faragha yake. Nanyi dada zangu mtapenda kujua kwamba kijitabu hicho hakikuwasahau wanawake. Kilimwambia askari kwamba akimwona msichana wa Kiingereza amevaa sare yenye utepe wa nishani, akumbuke kuwa hakuupata kwa kufuma soksi nyingi kuliko wenzake.

Viongozi nao hawakusalimika. Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza na ambaye mama yake mzazi alikuwa Mmarekani, alisimulia katika historia yake ya vita kisa cha mkutano wa wakuu wa majeshi ya nchi hizo mbili. Waingereza walitaka hati fulani "iwekwe mezani". Wamarekani wakakataa katakata. Wakabishana muda mrefu, na hata kwa ukali. Mwishowe ikadhihirika kwamba kwa Mwingereza kuliweka jambo mezani ni kulileta lijadiliwe sasa hivi, na kwa Mmarekani ni kuliweka kando lisahaulike. Pande zote mbili zilikuwa zikitaka jambo lile lile.

Zingatieni hapo. Wawili hao wasingekuwa na lugha moja, wangeleta mkalimani, na mkalimani angeuliza, "Mwamaanisha nini?" Mtu akisema Kichina mbele yako, unajua kwamba hujui, basi unasubiri ufafanuliwe. Lakini anayesema lugha yako unadhani umemwelewa, na unapojiona umeelewa huulizi tena. Unahukumu. Wazee walisema usilolijua ni usiku wa giza. Nami naongeza kwamba unalodhani unalijua lina giza zaidi, kwa kuwa hata taa huombi.

Na kabla hatujawacheka Waingereza na Wamarekani, tujitazame wenyewe.

Nilipopanda Nakuru mara ya kwanza kuja kufundisha madrasa, nilikuwa kijana niliyelelewa Pwani. Wiki ile ya kwanza niliingia dukani kununua sukari. Nikatoa salamu, nikauliza habari za asubuhi, habari za nyumbani, habari za biashara. Mwenye duka akanikazia macho akasema, "Unataka nini?" Wallahi, nilihisi kama nimepigwa kofi. Kwetu maneno hayo humwambia mtu unayetaka aondoke. Niliandika barua nyumbani nikasema watu wa huku hawana adabu.

Mwaka haujaisha, mwanangu mdogo akashikwa na homa kali usiku wa manane. Niligonga mlango wa mtu yule yule, kwa sababu ndiye aliyekuwa na gari karibu. Alitoka bila hata kuvaa viatu, akatupeleka hospitali, akakaa nasi mpaka alfajiri. Nilipotaka kumlipa mafuta, alikataa, tena kwa maneno makavu yale yale: "Weka pesa yako." Baadaye tulipozoeana akaniambia, "Shehe, siku ile ya kwanza salamu zako hazikuisha. Nilidhani unatafuta mkopo."

Basi mimi nilimwona hana adabu, naye aliniona nina hila. Sote wawili tulikuwa tunasema Kiswahili.

Hivi ndivyo ilivyo kati ya Pwani na bara mpaka leo. Sisi husema, "Naomba maji." Mwenzetu wa huku husema, "Nipe maji," wala hakukuamuru. Sisi husema, "Njoo, mwanangu." Yeye husema, "Kuja," na sikio letu husikia ufidhuli. Yeye naye akituona tunakizunguka kiini cha jambo kwa salamu na tabasamu, husema mtu wa Pwani ni mvivu, au ni "Mswahili", neno ambalo katika vinywa vya wengine huku limegeuzwa kuwa jina la mtu mwenye maneno mengi asiyeaminika. Nasi nyumbani kwetu tunasema nini? Tunasema "mbara" kwa namna ambayo hata mtoto wa miaka mitano anajua si sifa. Wangapi kati yetu wamekataa posa njema, ya kijana mwenye dini na kazi ya halali, kwa sababu hiyo tu?

Naisema habari hii nikiwa Nakuru kwa makusudi. Ardhi hii ya Bonde la Ufa inajua uzito wa watu kuishi karibu karibu bila kujuana. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliishi sehemu ya utoto wake katika shamba la mlowezi wa Kizungu karibu na Nakuru, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Katika kitabu cha maisha yake anakumbuka kwamba kila kabila shambani pale lilikuwa na kazi yake: Wakikuyu walilima, Waluo walifanya kazi za nyumbani kwa bwana, Wakipsigisi walichunga na kukama ng'ombe. Waliishi mbalimbali, na kila kundi halikujua mengi kuhusu wenzao. Mtoto aliyekulia hivyo, ambaye Mluo hakumwona ila amebeba sinia, na Mkipsigisi hakumwona ila nyuma ya ng'ombe, atamjuaje mtu aliye ndani ya kazi hiyo?

Mwishoni mwa Januari 2008 tuliyaona matokeo kwa macho yetu. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Disemba 2007 zilifika Nakuru na Naivasha, na kote nchini zaidi ya watu 1,100 walikufa. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulijaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Sisemi kwamba mizaha ya jikoni ndiyo iliyowasha moto ule. Siasa na ugomvi wa ardhi vilikuwa na sehemu kubwa. Ninalosema ni kwamba aliyetaka kuuwasha alikuta kuni zimekwisha kukauka. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameambizana, kwa kucheka, kwamba fulani ni wezi, fulani ni wajinga, fulani ni wavamizi. Siku ya shari hawakuhitaji kufundishwa tena.

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutangulia katika hili. Sura ya Al-Hujurat, katika aya ya 11, inawakataza watu kuwadharau watu wengine, kisha inawataja wanawake peke yao, kwamba nao wasiwadharau wanawake wenzao, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora. Inakataza pia kuitana kwa majina ya kuumiza. Aya inayofuata yaonya juu ya kudhaniana vibaya. Na aya ya 13 yatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Tazameni mpangilio huo: dharau, kisha dhana, kisha kujuana. Anayetaka kufika kwenye la tatu, sharti kwanza aondokane na yale mawili.

Kwa nini wanawake wakatajwa peke yao? Wanavyuoni wana maelezo yao, nami sina la kuongeza katika tafsiri. Lakini kwa niliyoyaona katika kusuluhisha nyumba za watu, mama akisema jikoni, "Hao ndivyo walivyo," watoto wanaosikia huibeba hukumu hiyo hadi uzeeni. Na mama akisema, "Hebu tumwulize alikusudia nini," huibeba hiyo vilevile. Baba anaweza kukaa msikitini mwaka mzima asilifute neno lililosemwa mara moja wakati wa kukaanga mahamri.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza, neno likikuumiza kutoka kwa mtu asiye wa malezi yako, muulize maana yake kabla hujalijibu, na kabla hujalihamisha. Mkasa wa Bondeni ulichukua siku nne kuharibika, na nusu saa kutengenea, kwa kuwa siku nne zote hakuna aliyemwuliza kijana swali moja.

La pili, mnapomtoa binti yenu kuolewa mbali, au mnapompokea mke wa mwana kutoka kwa watu wengine, msimpe mahari na mapambo tu. Mpeni kile ambacho Marekani iliwapa askari wake. Mkalishe chini mumwambie: huko uendako, mama mkwe akikwambia "kuja ule", amekukaribisha. Wakinyamaza mezani, hawajakukasirikia. Nawe mama mkwe, uambiwe kwamba mkeo huyu wa mwana, akikuamkia kwa maneno mengi, hana anachokificha.

La tatu, na hili ndilo zito, tukome kulitaja kabila au taifa zima mbele ya watoto kwa kosa la mtu mmoja. Fulani amekudhulumu? Mtaje kwa aliyeweza kukupatia haki yako, kisha liishie hapo. Usimfundishe mwanao kulichukia kabila la watu asiowajua.

Sisemi kwamba tofauti za watu ni uongo. Kijana wa Leicester kweli hunena kidogo, na msichana wa Columbus kweli hunena sana. Sisi wa Pwani kweli twapenda salamu ndefu, nami siachi zangu. Wala sisemi kwamba kila ukali ni mila. Wako wafidhuli wa kweli katika kila taifa, na wanafiki vilevile. Lakini mfidhuli hujulikana kwa matendo yake baada ya kuishi naye, hajulikani kwa namna alivyoomba chumvi.

Mtaniuliza, posa je? Hadi naandika haya, haijasemwa. Vijana wameomba muda, na wazazi wamewapa. Hilo ni lao na la Mola wao. Ila siku moja kabla ya safari Bibi aliwapikia wali wa nazi na samaki, akanialika. Dada wawili walikula sinia moja. Bibi akamwuliza mjukuu wake wa kiume, "Chakula umekionaje?" Kijana akamtazama binti ya mama yake mdogo, akaona haya, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Kizuri sana, Bibi. Kizuri kuliko vyote."

Msichana akajibu kutoka upande wa pili wa mkeka, "Si mbaya."

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyumba zetu, atuondolee dhana mbaya nyoyoni, na atujaalie kuwajua waja wake kabla ya kuwahukumu. Amin.

Wassalaam alaykum.